MIWANI YA KUKUPENDEZA, BILA KUKAUSHA MFUKO

(Mazungumzo ya Mhazini siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu)



Hesabu za miaka kumi Katibu amekwisha kuzisoma, nami sitazirudia. Naomba niseme juu ya kitu kidogo hiki kilicho puani kwangu. Najua wapo watakaocheka. Chekeni, lakini sikilizeni, maana kitu hiki kilikaribia kutuvunjia kikundi.

Wale wa zamani mnakumbuka mwaka wetu wa tatu. Siku ya mgao tulifungua sanduku, kufuli zote tatu, tukahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilipungua shilingi 45,000. Mwanamke akiwa mhazini na fedha zimepungua, jina lake jingine ni mwizi. Hakuna aliyenitamkia usoni, ila nilipopita kisimani mazungumzo yalikatika. Nyumbani sikula siku mbili.

Aliyeniokoa ni mjukuu wa mwenzetu mmoja, mtoto wa darasa la saba. Alisoma daftari la mikopo mstari kwa mstari, akakuta mara tisa mkopo uliobaki 38,000 mimi nimepokea 33,000 na kuufunga. Ile nane nilikuwa naiona tatu! Elfu tano mara tisa, ndiyo hiyo 45,000. Na mhazini akikuambia umebakiza 33,000, nani atabisha? Wenye deni walilipa, jina langu likasafika.

Lakini ukweli ni kwamba nilijua. Mwaka mzima nilikuwa nasogeza daftari mbali mpaka mkono unaisha. Nilificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na sanduku.

Kwa nini nilificha? Kwanza niliogopa kuitwa bibi kizee. Pili, miwani niliyoizoea kuiona ilikuwa ile mieusi mizito, unaivaa unafanana na mtu aliyekopa uso. Tatu, gharama. Hayo matatu ndiyo nataka kuyajibu leo.

La uzee, jibu ni fupi. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na kuona karibu kunakuwa taabu. Humpata mwalimu, fundi cherehani, mama ntilie, humpata hata mzungu. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wachuma chai 751 wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliwazidi wenzao kwa kuchuma, nyongeza ya takriban asilimia 22. Majani ni yale yale, mikono ni ile ile, kilichoongezeka ni kuona tu.

Sasa kupendeza. Akina mama, sisi tunajua rangi kuliko wenye maduka. Ukienda kununua khanga unaitanda begani, unatoka nje kwenye mwanga. Basi na fremu ni hivyo hivyo. Usiichague chini ya taa ya dukani, omba kioo usogee mlangoni. Kabla ya kwenda, jipime nyumbani kwa hereni. Kama za rangi ya dhahabu ndizo zinazoung'arisha uso wako, tafuta fremu ya dhahabu, ya kahawia, au ile yenye madoa kama gamba la kobe. Kama za fedha ndizo zinazokukaa, jaribu buluu, zambarau, kijivu cha chuma. Mweusi tii asiogope rangi iliyokolea: nyekundu ya damu ya mzee, kijani, dhahabu, zote zinamkubali. Sisi wa maji ya kunde tuangalie tu fremu isiwe rangi moja na ngozi, maana inapotea na uso unaonekana umechoka. Hii yangu nyekundu, siku ya kwanza kuivaa mwenzangu mmoja aliuliza, "Shoga, umekwenda saluni?" Nikajua nimepata.

Ila rangi bila kukaa vizuri ni kazi bure. Fremu nyingi zimetengenezwa kwa pua nyembamba ndefu, na nyingi za pua zetu ni fupi na pana. Ndiyo maana miwani inateleza kila ukiinama kukoroga ugali. Chagua yenye vijipande laini vya puani vinavyokunjika, fundi avirekebishe. Inama, tingisha kichwa, cheka, ikishuka, irudishe. Mashavu yasiisukume unapocheka. Macho yakae katikati ya lenzi au karibu na hapo. Ndani ya mkono wa miwani mtakuta namba, mathalani 52, 18 na 140. Hizo ni milimita: upana wa lenzi, nafasi ya pua, na urefu wa mkono. Ukipata inayokufaa, ziandike. Safari nyingine hutabahatisha.

Mwisho, mfuko. Kwanza pimwa macho. Presha ya macho, yaani glaukoma, inakula uwezo wa kuona kimya kimya, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Muuza miwani wa barabarani hawezi kukuambia unayo. Miwani yake iliyotengenezwa tayari si haramu, kwa wengine inatosha kusomea. Lakini nguvu yake ni moja kwa macho yote mawili, na macho ya wengi wetu hayalingani. Pima, uandikiwe namba, ndipo uamue.

Dukani uliza bei ya fremu mbali, bei ya lenzi mbali. Usikubali jumla tu. Tembea maduka matatu. Usilipie lenzi ya kubadilika rangi juani kama kazi yako ni daftari na sindano. Kama fremu ya zamani bado nzima, uliza kama wanaweza kuitia lenzi mpya. Na usikimbilie ya bei ya chini kabisa, rahisi inavunja upishi: kagua bawaba, fungua na kufunga mara kadhaa, tazama kama skrubu inaweza kukazwa. Isiyo na ukingo ni nzuri kwa macho ya watu, lakini mtoto akiikalia umekwisha.

Na tuache kuazimana. Katika mkutano wetu miwani moja ilikuwa inazunguka watu wanne! Nguo ya kuazima haisitiri matako, na miwani ya kuazima haisomi daftari.

Wenzangu, mimi yangu niliinunua kwa mkopo wa mfuko wa jamii, nikaurejesha kwa miezi mitatu. Naomba mkutano ujao tukubaliane jambo moja: miwani ihesabiwe pamoja na ugonjwa na msiba, kwamba mwanachama anaweza kuikopea bila riba. Na kila anayeshika kalamu ya kikundi apimwe macho kabla ya kushika. Hii siyo dharau kwake, ni kumkinga na aibu niliyoipata mimi.

Miaka kumi tumeweka akiba ya fedha. Tuweke na akiba ya macho, ili mgao wa mwaka wa ishirini kila mtu ausome mwenyewe.