Mali Bila Daftari: Tuweke Hesabu ya Vitabu Tunavyosoma





Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu tumeuheshimu sana katika kazi zetu. Hakuna shule isiyokuwa na daftari la mahudhurio, wala ofisi isiyokuwa na masijala. Karatasi zikitoka stoo huandikwa. Barua ikiingia hupewa namba na kutiwa katika jalada lake. Gari la serikali likitoka, dereva hujaza kitabu cha safari. Mkaguzi akija hatumwambii kwamba tunakumbuka, bali twamwonyesha maandishi. Lakini iko mali moja ambayo wengi wetu tunaitumia kila siku bila ya kuwa na daftari lake, nayo ni elimu tuipatayo kwa kusoma. Tukiulizwa leo ni vitabu vingapi tumevisoma tangu mwezi wa Januari, na kila kimoja kilitufunza nini, jibu letu litakuwa la makisio.

Jambo ninalotaka kulieleza mbele yenu ni dogo, wala halihitaji fungu katika bajeti. Nasema kwamba kila mwalimu na kila mtumishi wa umma anapaswa kuwa na daftari lake mwenyewe, ambamo ataandika kila kitabu anachokisoma mwaka mzima, tangu siku ya kwanza ya Januari hadi siku ya mwisho ya Desemba.

Sababu ya kwanza ni kwamba kumbukumbu ya mtu humpendelea mwenyewe. Kitabu alichokisoma miaka mitatu iliyopita hukihesabu kuwa ni cha mwaka huu. Kitabu alichokianza na kukiweka chini ukurasa wa thelathini hukihesabu kuwa amekimaliza. Waraka aliousoma ofisini na habari alizozipitia katika simu huziongeza juu yake, kisha hujiona kuwa msomaji mkubwa. Daftari halina upendeleo huo. Ikifika Juni na ukurasa wake ungali mweupe, mwenye daftari ataijua hali yake bila ya kuambiwa na mtu.

Yafaa tujiulize, je, hali hiyo ikiwa mbaya, ni nani anayepata hasara? Mwalimu aliyeacha kusoma siku alipotoka chuoni huendelea kufundisha, lakini hufundisha kwa akiba, na akiba isiyoongezwa haikosi kupungua. Maelezo yake huwa yale yale, mifano yake ile ile, na swali la mtoto mwerevu humkera badala ya kumfurahisha. Afisa aliyeacha kusoma huendelea kutoa ushauri na kupitisha maamuzi, lakini hupitisha maamuzi ya leo kwa maarifa ya zamani. Mshahara wa wawili hawa haupungui. Anayepunjwa ni mtoto aliyeketi darasani, na mwananchi aliyesimama mbele ya meza. Kwa hiyo kusoma kwetu si anasa ya mtu binafsi, bali ni sehemu ya deni letu kwa wale wanaotulipa.

Historia ya nchi yetu inatukumbusha deni hilo. Tulipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kisomo ikaenea nchi nzima. Mitihani ya taifa ya kisomo ilifanyika mwaka 1975, kisha 1977, 1981, 1983 na 1986. Wazee wenye wajukuu walikubali kushika kalamu kwa mikono iliyozoea jembe. Nani waliokuwa mstari wa mbele kuwahimiza? Ni walimu na watumishi wa serikali, na neno walilolitumia ni kwamba elimu haina mwisho. Basi haielekei kwamba neno hilo liwe la kweli kwa mkulima, kisha liwe na mwisho kwetu sisi wenye vyeti.

Sababu ya pili ni kwamba kitabu kisichoandikwa hutoweka. Msomaji hufunga kitabu akiwa amejaa mawazo. Baada ya mwezi hukumbuka hadithi tu. Baada ya mwaka hukumbuka jina, na pengine hata jina hulikosa. Mistari michache iliyoandikwa siku ile ya kufunga kitabu hutosha kuyahifadhi mengi.

Napenda kutoa mfano wa mtu mmoja ambaye kazi yake inajulikana duniani kote. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alirudi kwao mwaka 1836 baada ya safari ya karibu miaka 5 katika meli iliyoitwa Beagle. Mwaka 1838 alianza kuweka orodha mbili katika madaftari yake: moja ya vitabu anavyokusudia kuvisoma, na nyingine ya vitabu alivyokwisha kuvisoma. Vitabu vya sayansi alivitenga na vya mambo mengine. Kazi hiyo aliiendeleza hadi mwaka 1860, yaani kwa muda wa miaka 22. Hakuandika maelezo marefu. Mara nyingi aliandika jina tu, na mahali pengine neno moja au mawili ya hukumu yake juu ya kitabu.

Katika mwaka ule wa kwanza wa madaftari hayo, Darwin alisoma kitabu cha Malthus juu ya kuongezeka kwa watu. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikisoma kwa kujiburudisha tu. Lakini ndani yake alipata wazo lililomsaidia kueleza jinsi viumbe vinavyobadilika, na kitabu chake mashuhuri juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1859. Hapa pana funzo kwetu. Msomaji hajui mapema ni kitabu gani kitakachomfaa, wala kitamfaa lini. Kwa hiyo hapana budi aviandike vyote.

Darwin alikuwa na desturi nyingine ya kufaa. Mwishoni mwa kila kitabu alichokimiliki aliandika faharasa fupi ya mambo yaliyohusu kazi yake, pamoja na kurasa yanakopatikana. Kabla ya kuanza kuandika juu ya jambo lolote, alizitazama faharasa hizo zote na kuzipanga pamoja. Katika uzee wake alisema kwamba alipoitazama orodha ya vitabu alivyovisoma na kuvifanyia muhtasari, yeye mwenyewe alishangazwa na bidii yake. Hata hivyo alisikitika pia, kwa kuwa alipoteza ladha ya ushairi aliyokuwa nayo ujanani, na akasema kwamba lau angeishi tena angejiwekea kanuni ya kusoma ushairi kidogo kila wiki. Sisi tunaweza kuutumia uzoefu wake kwa kuyatazama madaftari yetu mapema, kabla upande mmoja wa akili haujakauka.

Sasa niseme daftari lenyewe liwe namna gani. Daftari la kawaida la shule linatosha. Mwenye kupenda kutumia kompyuta au simu atumie, ila ahakikishe kwamba chombo hicho kikiharibika maandishi yake hayatapotea. Kila ukurasa uwe na safu hizi: tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la kitabu na la mwandishi, mwaka kilipochapishwa, idadi ya kurasa, na mahali kilipotoka, yaani kama kilinunuliwa, au kiliazimwa kwa rafiki au maktaba. Safu hii ya mwisho si ya urembo, maana wengi wetu tuna vitabu vya watu tuliosahau kuwarudishia, na vitabu vyetu viko kwa watu tusiowakumbuka.

Chini ya hayo iandikwe mistari mitatu tu. Wa kwanza useme kitabu kinadai nini. Wa pili useme msomaji hakubaliani nacho wapi, maana anayekubali kila neno hajasoma bali amesikiliza. Wa tatu useme ni jambo gani litakalotumika darasani, ofisini au nyumbani. Kitabu kilichoachwa katikati nacho kiandikwe, pamoja na sababu ya kuachwa. Si aibu kukiacha kitabu kibaya. Aibu ni kukihesabu.

Mwisho wa mwaka mwenye daftari akae nalo kwa saa moja, afanye majumlisho. Ni vingapi vya Kiswahili na vingapi vya lugha nyingine? Ni vingapi vya kazi yake na vingapi vya mambo mengine? Ni vingapi vilivyoandikwa na Waafrika, na vingapi na wanawake? Mwalimu wa hesabu huenda akaona kwamba hajagusa riwaya hata moja, na mwalimu wa fasihi akaona kwamba hajui lolote la sayansi baada ya kutoka sekondari. Majumlisho hayo ndiyo yatakayompa mpango wa mwaka unaofuata.

Najua kwamba baadhi yenu mtasema nafasi haipo. Tufanye hesabu. Mtu akisoma kurasa 10 kila siku, kwa siku 365 atakuwa amesoma kurasa 3,650. Kama kitabu kimoja ni cha kurasa 200, basi amevimaliza vitabu 18. Kurasa 10 ni kazi ya nusu saa au chini yake. Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, akatumikia katika idara kadhaa za serikali kwa miaka mingi, na fasihi aliyotuachia aliiandika huku akiwa mtumishi kama sisi. Mwalimu Nyerere, akiwa na mzigo wa dola mabegani, alitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, moja ikatoka mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969. Sisi hatuambiwi tutafsiri, twaambiwa tusome.

Wengine watasema vitabu ni ghali. Hili ni kweli, wala halifai kupuuzwa. Lakini Maktaba Kuu ya Taifa ipo Dar es Salaam tangu mwaka 1967, na maktaba zipo katika mikoa. Aidha, watu kumi wa ofisi moja wakinunua kila mmoja kitabu kimoja na kuazimana, kila mmoja amepata vitabu kumi kwa bei ya kimoja. Hapo daftari linafanya kazi mbili kwa pamoja, kwani litaonyesha kitabu kiko kwa nani.

Lipo pia neno ninalotaka kuwaambia wakuu wa shule na wakuu wa idara. Tafadhalini msiligeuze daftari hili kuwa fomu. Msilidai kila robo mwaka, wala msilifanye sharti la kupandishwa cheo. Siku litakapoanza kukaguliwa na mkubwa, siku hiyo litaanza kusema uongo. Yataandikwa majina ya vitabu ambavyo jalada tu ndilo lililoonekana. Tumekwisha kuona taarifa za namna hiyo katika mambo mengine. Daftari hili lina mkaguzi mmoja tu, naye ni mwenyewe. Mkuu anayetaka watu wake wasome, na aanze kusoma yeye, awaambie katika kikao alichokisoma, awape na nafasi ya kumpinga.

Kadhalika tusiyafanye kuwa mashindano. Aliyesoma vitabu 40 vyembamba hakumshinda aliyekaa miezi mitatu na kitabu kimoja kizito. Idadi inafaa kumwonyesha mtu uvivu wake, lakini haitoshi kupima elimu yake. Kipimo hicho kiko katika ile mistari mitatu.

Ndugu zangu, wanafunzi huiga zaidi wanayoyaona kuliko wanayoambiwa. Mtoto anayemwona mwalimu wake akifunga kitabu, akafungua daftari na kuandika, atajua kwamba kusoma hakukomei kwenye mtihani. Tuanze bila kungoja mwaka mpya. Daftari linunuliwe wiki hii, na mstari wa kwanza uwe wa kitabu kile kilicho mkononi sasa. Na asiye na kitabu mkononi, aandike tarehe, kisha aende akakitafute.