Ruhusa ya Kazi ya Moto katika Maghala Yetu

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimepewa nafasi niseme juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari la fedha, walakini laweza kuliteketeza daftari hilo pamoja na ghala lake. Nalo ni kazi ya moto: kuchomelea vyuma, kuvikata kwa gesi, na kila kazi itoayo cheche.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikagua hesabu za chama kimoja cha wakulima wa pamba. Nikiwa mezani nilisikia jenereta ikinguruma uani. Fundi alikuwa juu ya ngazi akichomelea kenchi ya chuma iliyolegea. Na nyuma ya ukuta wa mabati, hatua chache tu kutoka pale, ilikuwamo pamba mbegu ambayo wakulima walikuwa hawajalipwa. Mimi niliuliza stakabadhi ya malipo ya fundi. Sikuuliza ni nani aliyempa ruhusa. Saa kumi na moja jioni alifunga vyombo vyake, nami nikashika njia. Moto ulionekana saa nne usiku.

Pamba ina tabia hiyo. Cheche ikizama ndani yake hufuka polepole bila mwali, kwa saa nyingi, hata watu wakasahau kwamba palikuwa na kazi.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya hutokea vijijini tu. Tarehe 11 Aprili 1996, katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, mafundi walikuwa wakichomelea kwenye barabara iliyopita juu ya jengo la abiria. Chembe za moto zilipenya katika kiungo cha barabara zikaangukia povu la plastiki lililokuwa darini chini yake. Watu 17 walipoteza maisha.

Karakana huandaliwa kwa ajili ya cheche. Ghala, stoo ya magunia au paa la ofisi havikuandaliwa hivyo. Kwa fundi ni mahali pa kazi pa muda tu. Kwa hiyo kila kazi ya moto mahali kama hapo yahitaji hati yake ya ruhusa, nayo hutolewa na mwenye dhamana ya mahali, yaani katibu au meneja. Fundi asijipe ruhusa mwenyewe, kwa maana yeye hulipwa kwa kumaliza, na hawezi kuwa hakimu wa haraka yake.

Kabla ya kutia sahihi, Ndugu Katibu, jiulize: je, ni lazima moto? Huenda bolti zitatosha, au kipande chaweza kufunguliwa kikachomelewe nje. Ikiwa ni lazima, basi nenda ukaone kwa macho yako. Kila kiwezacho kuungua kiondolewe umbali wa mita 11. Kisichoondoleka kifunikwe kwa kitu kisichoungua, si turubali la plastiki. Nyufa na matundu vizibwe. Upande wa pili wa ukuta utazamwe pia, kwani bati hupitisha joto. Mtungi wa kuzimia moto uwepo karibu, nao uwe mzima. Nimekwisha kuona mitungi iliyovishwa utando wa buibui, mishale yake imelala kwenye nyekundu.

Tena awepo mtu wa zamu ya moto asiye na kazi nyingine. Huyu hulinda wakati wa kazi na muda usiopungua saa moja baada yake. Penye pamba mimi nasema mlinzi wa usiku naye akabidhiwe zamu hiyo kwa maandishi, apapitie tena na tena. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ibandikwe mlangoni.

Hati itaje mahali, tarehe, saa ya kuanza na ya kuisha, jina la fundi na la mlinzi. Ni ya siku moja na mahali pamoja. Fundi akihamia kenchi nyingine, iandikwe nyingine. Someni pia mikataba yenu ya bima, kwani yaweza kuwa na masharti juu ya kazi hizi.

Baadhi yenu mtaniambia kwamba fundi atakasirika na msimu unakaribia. Mwacheni akasirike. Mnayo haki ya kumnyima.

Nitakapokuja tena kukagua, nitaomba kwanza kitabu cha hati za ruhusa, kisha ndipo nitaomba daftari la fedha.