Msanii Huru, Mkate Wake na Deni Letu Kwake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaharakati na waumini katika ukumbi wa parokia, Eastlands, Nairobi)



Mlinipa mada ya wajibu wa msanii katika mapambano ya haki. Naipokea, lakini naomba nianzie mahali ambapo mada ya namna hii huwa haianzii, yaani mfukoni mwa msanii mwenyewe. Wajibu tunautaja kila siku. Mkate hatuutaji, kana kwamba mtu aimbaye juu ya njaa ya wengine yeye hali.

Waumini wenzangu watakumbuka habari za nabii Amosi, sura ya 7. Amazia, kuhani wa hekalu la mfalme kule Betheli, alimfukuza Amosi akimwambia aende nchi ya Yuda akale mkate wake huko na kutabiri huko huko. Tazameni jinsi Amazia alivyowaza: alidhani kila asemaye husema kwa ajili ya tumbo, maana yeye mwenyewe alilishwa na ikulu. Amosi akamjibu kwamba yeye ni mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu. Alikuwa na kazi yake. Hakuna karani wa mfalme aliyeweza kumkatia mshahara, kwa kuwa hakuna aliyempa mshahara huo. Huyo ndiye msanii huru ninayemzungumzia leo. Hamdharau mwajiri wala mteja. Ila ulimi wake hauko katika orodha ya mishahara ya mkubwa yeyote.

Katika nchi yetu watu wa aina hiyo wamelipa gharama kubwa. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chenye kichwa cha swali, Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatokea mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga! Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Leseni ikafutwa mwezi wa Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 uwanja wao wa maonyesho ukabomolewa. Waliojenga uwanja ule kwa mikono yao walikuwa wafanyakazi wa viwandani, vibarua wa mashambani na akina mama wa kijiji, na jambo hilo nadhani ndilo lililowatisha wakubwa kuliko maneno ya mchezo wenyewe.

Lakini wa karibu zaidi nasi ni wale wa mwaka 1990. Mwezi wa Mei mwaka huo vibanda vya Muoroto, hapa karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, vilibomolewa na askari wa jiji, na watu wakapigana nao wakitetea makao yao. Kisha ikaja Saba Saba, tarehe 7 Julai, pale Kamukunji. Katika miezi hiyo zilitokea kaseti za nyimbo zilizosimulia Muoroto, kifo cha Robert Ouko, na kiu ya vyama vingi. Zilichezwa katika matatu na kuuzwa vichochoroni. Serikali ilipoamka, ilimkamata nani? Aghalabu aliyekamatwa ni mchuuzi mwenye kijisanduku cha kaseti kumi na mbili, kijana ambaye hakutunga hata ubeti mmoja. Nalitaja hili kwa sababu msanii akiulizwa wajibu wake, wa kwanza ni huu: ajue kwamba neno lake hubebwa na watu wengine, na kwamba mara nyingi wao ndio hupigwa kabla yake. Neno litakalomtia mchuuzi rumande na liwe neno la kweli, lililopimwa, si mzaha wa kutafuta sifa.

Kisheria hali imebadilika sana. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991. Mageuzi ya 1997 yaliondoa haja ya kuomba leseni ya mkutano wa hadhara, ikabaki kutoa taarifa kwa polisi, na Sheria ya Machifu ikapunguzwa makali. Ndugu zetu walipigwa ndani ya kanisa kuu la All Saints tarehe 7 Julai mwaka huo huo ili hayo yapatikane. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, imetaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Neno hilo halikuwamo katika katiba ya zamani.

Hata hivyo, karatasi ni karatasi. Mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa Butere, Shackles of Doom, ulizuiwa kufika katika tamasha la taifa hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uigizwe. Mwaka 2025 wasichana wa shule hiyo hiyo walikwenda Nakuru na mchezo mwingine, Echoes of War, wakakutana na vitoa machozi. Wanafunzi! Na mwishoni mwa 2024 mchoraji wa vibonzo, Kibet Bull, alitekwa nyara, akaonekana tena Januari 2025. Kwa hiyo anayesema kwamba siku za hofu zimekwisha, na aulize wazazi wa Butere.

Sasa narudi kwenye mkate, kwa maana hapo ndipo uhuru mwingi unapopotea siku hizi, kimya kimya, bila askari.

Chukueni mwimbaji wa Dandora au Huruma. Anatunga wimbo, anakodi studio kwa saa, anamlipa mpiga kinanda, anabaki bila nauli. Zamani angepeleka kazi yake River Road, auze haki zote kwa fedha taslimu za siku moja, na wiki inayofuata akute nakala haramu mezani pa mchuuzi. Wazee wetu walionja uchungu huo mapema. Wimbo wa Daudi Kabaka, Helule Helule, ulichukuliwa na kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes mwaka 1968 ukapendwa mno kule. Malaika uliorekodiwa na Fadhili William umeimbwa duniani kote, na mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Kabaka na Fadhili wote wawili walifariki mwaka 2001. Ukitaka kujua maana ya kukosa mkataba, fikiria kwamba nyimbo zinazojulikana na kila mtoto wa Kenya haziwezi kukuonyesha kwa urahisi nyumba zilizojengwa kwa jasho lake.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilikuja na kinga bora zaidi. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliamuru kwamba katika nyimbo za miito ya simu, mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52 ya mapato. Hiyo ni hatua. Lakini asilimia haipatikani kwa aliyekwisha kuuza haki zake zote kwa karatasi ambayo hakuisoma. Vijana, someni karatasi kabla ya kutia sahihi. Kama Kiingereza chake kimekushinda, mlete kwa mwanasheria wa haki za binadamu aliye katika parokia hii. Kazi yake si kutetea waliokamatwa tu.

Wachoraji nao wana yao. Mabango ya vioski, vinyozi na hospitali ndogo za mitaa hii yamechorwa kwa mkono na mafundi wasiotia jina. Matatu za njia zetu ni jumba la maonyesho linalotembea. Kanuni za 2004, zile za waziri John Michuki, zilipoleta mstari wa manjano, michoro ikawa kitu cha kuandamwa na polisi, na fundi wa rangi akakosa pa kupeleka brashi, hadi mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliposema wasisumbuliwe. Miaka kumi ni mingi kwa mtu anayelipa kodi ya chumba kila tarehe tano.

Nani basi hulipa msanii vizuri na kwa wakati? Nitasema ukweli hata kama utawaudhi wengine. Humlipa mgombea wa uchaguzi. Mwaka wa kura ukifika, gari lenye vipaza sauti huja mtaani, bahasha hutolewa mchana kweupe, na kijana yule yule aliyetuimbia wimbo wa haki siku ya Jumamosi katika ukumbi huu, Jumapili alasiri yuko juu ya lori akimsifu mtu aliyenyakua uwanja wa shule. Tunamwita msaliti. Lakini sisi tulimpa nini Jumamosi? Tulimpa soda na makofi.

Hebu tuangalie semina zetu za uraia. Hoteli hulipwa. Mwenye viti na hema hulipwa. Mwezeshaji hulipwa, tena pamoja na nauli ya kutoka mtaa wa mbali wenye miti mingi. Kundi la maigizo lililofanya mazoezi wiki tatu huambiwa kwamba hii ni kazi ya kujitolea, na Mungu atawalipa. Kanisani pia ni hivyo: fundi wa mabomba hatengenezi bomba bure, lakini mpiga gitaa anatarajiwa apige bure ibada tatu, arusi mbili na mazishi. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga wamesema. Kwetu hachezi tu bila kutunzwa. Hulaumiwa akienda kucheza kwingine.

Sisemi kujitolea kufe. Kuna wakati ambapo hakuna fedha na kazi lazima ifanyike. Mwaka 1992 mama za wafungwa wa kisiasa walipogoma kula Freedom Corner, hakuna aliyeuliza malipo ya kuimba pale. Nasema tu kwamba asijitolee mmoja peke yake katika chumba ambamo wengine wote wamelipwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31 na kuendelea, kinamweleza Bezaleli, fundi aliyejazwa roho na ustadi. Dhahabu, uzi na ngozi hazikutoka mfukoni mwake. Watu walileta sadaka hata Musa akalazimika kuwaambia watosheke. Mimi sijapata kulisikia tangazo la namna hiyo Eastlands.

Nikishawatetea hivyo, nina haki ya kuwadai wasanii wenyewe.

Kwanza ukweli. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mitaa yetu, Mathare, Huruma na Dandora, iliona damu. Zilikuwapo nyimbo na vipindi vya redio vilivyomfanya jirani aitwe mdudu au mgeni. Waliovitunga walikuwa wasanii pia, tena wenye kipaji. Msanii hawezi kudai sifa wimbo unapoleta umoja, kisha aseme ni burudani tu unapoleta mapanga. Nao wasikilizaji wana nguvu zao. Unbwogable, wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji, wenye jina lililotokana na neno la Kijaluo bwogo, kutisha, ulikuwa wimbo wa vijana wawili waliokataa kukatishwa tamaa na shida zao. Mwaka 2002 taifa zima likaufanya wimbo wa kuondoa utawala wa KANU. Anguka Nayo ulikuwa wimbo wa kucheza, na vijana wa Juni 2024 wakaufanya wa maandamano. Mtunzi hajui wimbo wake utalala wapi. Ndiyo sababu auangalie vyema kabla haujatoka nyumbani.

Pili, ujirani. Kalamashaka walitoka Dandora wakaimba maisha ya Dandora kwa lugha ya Dandora, na kutoka kwao likakua kundi zima la Ukoo Flani Mau Mau. Juliani, aliyelelewa humo, alileta injili na mtaa katika wimbo mmoja. Jina la albamu yake ya 2011, Pulpit Kwa Street, linajieleza. Kule Mukuru, Lunga Lunga, Wajukuu Art Project wamewafunza watoto kuchora kati ya mabati, na mwaka 2022 kazi yao ilionyeshwa Kassel, Ujerumani, katika documenta. Hawakusubiri wahame ndipo wafunze.

Tatu, na hapa nitasema kwa ukali, ni haki ndani ya makundi yenyewe. Kiongozi anayelalamika kwamba amedhulumiwa na mtayarishaji, naye anakula malipo ya wacheza ngoma wake, ni Amazia mdogo. Na wasichana wa maigizo hupata taabu maradufu. Mazoezi huisha usiku, nauli haipo, njia ya Kariobangi ni giza, na asubuhi majirani humpa jina baya kwa kuwa alirudi amechelewa. Kisha tunashangaa kwa nini sehemu za mama mzazi zinaigizwa na wavulana waliojifunga leso. Fedha ya kwanza itakayopatikana iwe nauli yao.

Mwenyekiti, nina maombi matatu mezani pako. Kamati ya haki iandike katika kila bajeti ya semina fungu la wasanii, lilipwe siku ile ile kama la hema. Wimbo au mchezo ukitumiwa katika kampeni zetu, pawe na barua yenye sahihi mbili, na maneno yasibadilishwe bila idhini ya mtunzi. Sheria nayo inampa haki hiyo. La tatu ni ukumbi huu. Hukaa mtupu tangu Jumatatu hadi Alhamisi, mchana kutwa, ilhali makundi manne ninayoyajua yanafanya mazoezi chini ya nguzo za umeme. Baraza la parokia linakutana Jumapili ijayo baada ya misa ya pili. Naomba suala la ufunguo liwe la kwanza katika ajenda, na wawakilishi wawili wa vijana, mmoja wao msichana, waitwe kulieleza wenyewe.

Niko tayari kwa maswali.