Kalamu na Jina la Mtu: Maneno kwa Watu wa Thika na Ruiru



Nawauliza neno moja. Mchuuzi wa soko la Ruiru akiandikwa gazetini kuwa ni mwizi, naye si mwizi, jina lake litasafishwa na nani?

Swali kama hilo liliulizwa Uingereza mwaka 2011, ilipofahamika kwamba watu wa gazeti la News of the World walisikiliza kwa siri ujumbe wa simu ya msichana aliyeuawa. Gazeti likafungwa, na Jaji Leveson akaongoza uchunguzi mbele ya watu wote. Novemba 2012 alishauri liwepo baraza la kusimamia magazeti, lisilotawaliwa na wenye magazeti wala na serikali.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 34, yalinda uhuru wa magazeti. Kifungu cha 35 champa mtu haki ya kusahihishiwa habari za uwongo zinazomgusa. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 yaweka Tume ya Malalamiko.

Basi, ewe mkazi wa Thika uliyeumizwa, usishike rungu. Litunze gazeti lile, uandike malalamiko yako. Kalamu hujibiwa kwa kalamu.