Kinga ya Mwili Baada ya Kisu

Leo tunazungumzia jambo ambalo mgonjwa halioni hata akiutazama mshono wake: yanayoipata kinga ya mwili baada ya upasuaji.

Tuchukue mgonjwa anayetolewa mfuko wa nyongo wenye mawe. Kwa upasuaji wa kufungua, tumbo hupasuliwa chini ya mbavu za kulia, sentimita 10 au zaidi. Kwa matundu madogo, tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi, kisha kamera na vifaa vyembamba hupenyezwa. Daktari Erich Mühe wa Ujerumani aliutoa mfuko huo kwa njia hiyo mwaka 1985, na wenzake wengi wakampinga.

Kinachotolewa ni kilekile. Kinachotofautiana ni kiasi cha ngozi na misuli iliyokatwa. Nyama iliyojeruhiwa hutoa ishara za hatari. Seli za kinga huitikia kwa kumwaga protini iitwayo intalukini-6, ambayo hupanda katika damu ndani ya saa chache. Kidonda kikubwa, ishara nyingi. Wanaofanyiwa matundu madogo kwa kawaida hukutwa na kiwango cha chini.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye hatari. Baada ya vurugu hiyo, huku homoni ya kotisoli ikiwa juu, seli nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti hupungua kwa siku kadhaa, zikiwemo seli T zinazomtambua adui. Monosaiti, aina nyingine ya seli za kinga, nazo hupungukiwa na HLA-DR, alama zinayoitumia kuzionyesha seli T vipande vya vijidudu. Kinga ikilegea hivyo, nimonia au usaha hupata mwanya. Kwa matundu madogo, kulegea huko mara nyingi huwa kwa kiasi kidogo na huisha mapema.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kidonda kidogo ndicho bora daima. Kwa saratani ya utumbo mpana, utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, uliohusisha wagonjwa 872, ulikuta saratani ikirudi kwa viwango vinavyokaribiana kwa njia zote mbili. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, utafiti wa kimataifa wa mwaka 2018 ulikuta waliotolewa kizazi kwa matundu madogo wakifariki wengi zaidi kuliko waliofunguliwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji, muulize daktari njia ipi inaufaa ugonjwa wako, na kwa nini. Ukisharudi nyumbani, ukipata homa, ukashindwa kupumua vizuri au mshono ukatoa usaha, usisubiri: rudi hospitali siku hiyohiyo.