Mnyama Mkali na Silaha ya Kutosha

Hotuba kwa watu wa Kisii na Nyamira



Wengi wenu mnanifahamu kwa kazi yangu ya kufasiri. Kila siku napokea maneno ya sheria na ya wakubwa, nami nayaweka katika Kiswahili ili kila mtu ayaelewe. Lakini leo sikuja kusoma karatasi ya mtu mwingine. Nimekuja kusema nanyi juu ya jambo nililoliona kwa macho yangu mwenyewe, nalo ni hatari ya kumwendea mnyama mkali kwa silaha isiyomtosha.

Pengine mtu atauliza, "Sisi tuna wanyama gani? Milima yetu imejaa watu, migomba na majani ya chai." Ni kweli. Lakini tazameni mipaka yetu. Upande wa kusini-mashariki iko Trans Mara, nchi ya tembo na nyati. Upande wa magharibi liko Bonde la Lambwe, ambako wanyama walitengewa hifadhi mwaka 1966, na mwaka 1983 ikafanywa Mbuga ya Taifa ya Ruma. Mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, hushuka mpaka ziwani, makao ya viboko. Na chui hahitaji mbuga; kichaka kimoja kando ya mto na mbuzi wa jirani humtosha. Wazee wetu waliwajua wanyama hawa sana, hata engo, yaani chui, na enchogu, yaani tembo, wakawa ishara za baadhi ya koo zetu.

Basi nitawaeleza yaliyotupata. Nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni, nilirudi nyumbani wakati wa likizo. Asubuhi moja kulipigwa yowe ya kwamba chui ameua mbuzi wawili na kujificha katika matete bondeni. Tukakimbia sote, mmoja ana panga, mwingine rungu, mwingine mkuki wa babu yake ambao haukutiwa makali miaka mingi. Mimi nilikuwa na jembe. Tukayazunguka matete kama watu wanaotazama mchezo. Mzee mmoja akacheka akasema kwamba vijana wa leo ni waoga. Ndugu yangu, mwana wa baba yangu mdogo, akaona haya, akaingia.

Hatukumwona chui mpaka alipokuwa tayari juu ya kifua chake. Jirani alitupa mkuki ili amwokoe. Mkuki ule ulimkosa chui, ukamchoma ndugu yangu pajani. Chui akatoka katikati yetu, akajeruhi wawili wengine, akaenda zake. Ndugu yangu hakufa, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kulia hauwezi tena kuchuma chai wala kushika jembe. Yule mzee aliyecheka alilia sana siku ile. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Nami niliyasikia yote mawili katika saa moja.

Tangu siku ile nimejiuliza, silaha ya kutosha ni ipi? Nimesoma na kuwauliza waliofanya kazi hiyo, na jibu lao ni moja. Silaha ya kutosha ni ile inayoweza kumsimamisha mnyama pale pale alipo. Silaha inayomwua baada ya saa nzima haitoshi, kwa sababu katika saa hiyo yeye aweza kuua watu watatu.

Fikirini ukubwa wa wanyama wenyewe. Nyati dume aweza kufika kilo 700, na paji lake limefunikwa na pembe nene kama ngao. Kiboko hupita kilo 1,500, naye hukimbia nchi kavu upesi kuliko mtu. Tembo dume mkubwa aweza kufika kilo 6,000. Chui ni mdogo, labda kilo 60 tu, lakini udogo wake ndio hila yake, kwa maana hujificha katika majani yasiyotosha kumficha mbwa. Panga litafanya nini hapo? Ili panga limfikie mnyama, sharti kwanza mnyama akufikie wewe.

Msidhani tena kwamba kila bunduki yafaa. Mwaka 1911, George Grey, ndugu yake Sir Edward Grey aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alikuwa akiwinda simba katika nchi tambarare kusini-mashariki ya Nairobi. Alikuwa mpanda farasi hodari na mwenye shabaha nzuri. Lakini bunduki yake ilikuwa na tundu dogo, kiasi cha milimita 7, na risasi zake zilikuwa nyepesi na za mbio sana. Alimkaribia mno simba aliyekuwa anafukuzwa, naye simba akamgeukia. Grey alifyatua, risasi zikampata simba, lakini hazikumsimamisha. Alifikishwa Nairobi akiwa hai, akafa siku chache baadaye kwa sumu iliyoingia katika damu yake kwa majeraha. Hakukosa fedha ya kununua bunduki kubwa, wala hakukosa ushujaa.

Kwa ajili ya mambo kama hayo, nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa kibali zimeweka kipimo. Kwa wanyama wakubwa na wakali, bunduki isipungue ile iitwayo .375, iliyotokea mwaka 1912, ambayo tundu lake ni kama milimita 9 na nusu na risasi yake ina uzito wa gramu 19 hivi. Iko na kubwa zaidi, .458 iliyotokea mwaka 1956, yenye risasi ya gramu 32. Linganisheni na bunduki ndogo ya kupigia ndege, ambayo risasi yake haifiki gramu 3. Kumpiga nyati kwa hiyo ni kumwamsha tu.

Tena, bunduki kubwa isiyojaribiwa si silaha. Mwaka 1898, simba wawili walipokuwa wakiwala wajenzi wa reli huko Tsavo, Bwana Patterson aliazima bunduki nzito ya rafiki yake, akaacha ile aliyoizoea. Simba alipotokea karibu kabisa, alivuta, na bunduki haikulia. Ni bahati tu iliyomwokoa. Aliwaua simba wale mwezi wa Desemba mwaka ule ule, lakini fundisho limebaki: silaha usiyoijua usiitegemee roho yako.

Sasa mtasema, "Ewe mfasiri, je, watutuma tukanunue bunduki?" Hapana. Mwezi wa Mei mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na marufuku hiyo haijaondolewa. Nimewaeleza habari za bunduki ili mjue jambo moja: ikiwa watu waliofundishwa, wenye silaha nzito, waliuawa, sisi wenye marungu tunakwenda kufanya nini ndani ya matete? Kazi hiyo inao wenyewe, nao ni askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Wao wana bunduki zifaazo, na wana dawa ya kumlaza chui usingizi ili wamchukue bila kumwua.

Basi yafaa tufanye hivi.

Kwanza, mnyama akionekana, mpelekeeni chifu habari upesi, na KWS waitwe. Semeni ni mnyama gani, yuko wapi, na kama amejeruhiwa.

Pili, waondoeni watu, hasa watoto. Mnyama aliyezungukwa hana njia ila kupita juu yenu. Mwacheni upande mmoja ulio wazi.

Tatu, mnyama aliyejeruhiwa asifuatwe kamwe na mtu asiye na silaha ya kutosha. Hata wawindaji wa zamani, kabla ya kufuata damu ya chui, walingoja kwanza, na walikwenda wakiwa na mwenzao wa kuwalinda.

Nne, kiboko akiwa malishoni usiku, usisimame kati yake na maji. Na mbuzi walazwe katika boma lenye paa, kwa maana chui hupanda ukuta.

Tano, mtu akiumwa au kuparuzwa, mwosheni jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo. Makucha ya chui yana uchafu wa nyama iliyooza, na kuumwa kwaweza kuleta kichaa cha mbwa.

Sita, andikisheni habari kwa polisi na kwa KWS, na mtunze karatasi za daktari. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha daima, na mpaka milioni 2 kwa majeraha mengine. Malipo huweza kukawia, lakini asiye na karatasi hana hata pa kuanzia.

Nimemaliza, ila nina neno moja kwa wazee wangu. Siku yowe litakapopigwa, vijana watawatazameni nyuso. Mkicheka, wataingia. Mkisema, "Rudini, tumwite mwenye bunduki," watarudi, na jioni mtakula nao. Ndugu yangu ameniruhusu kuwasimulia habari yake kwa sababu hiyo tu.