Mwizi asiibe tena. Lakini nani atampa kazi?

Masomo: Waefeso 4:28, Filemoni 8-21

Ninyi wa Mudzipela, wa Nyakasanza, wa Saio, ninyi mlio kando ya ziwa kule Kasenyi na Tchomia, tunawasalimu katika jina la Yesu. Na ninyi ndugu zetu mnaotusikia mkiwa ndani ya gereza kuu la Bunia, somo la leo ni kwa ajili yenu, lakini zaidi ni kwa ajili yetu tulio nje.

Tunaanza na toba. Wakati tulipokuwa tunajenga ukuta wa kanisa letu, tulitafuta mlinzi wa usiku wa kuchunga simenti na mabati. Kijana mmoja akaja. Alikuwa ametoka gerezani baada ya kumaliza kifungo chake cha wizi. Huko ndani ndiko alikookoka, na sisi wenyewe ndio tuliomhubiria. Tulifurahi kumwona huru. Tulimwombea, tukamwekea mikono, mama mmoja akampa chakula. Kisha kazi tukampa mtu mwingine. Hatukumwambia sababu. Naye hakuuliza, kwa maana aliijua.

Sasa tusome neno. Katika Waefeso 4:28 Paulo anamwagiza aliyekuwa mwizi aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, hata apate kitu cha kumgawia mhitaji. Andiko hilo tumelihubiri gerezani mara nyingi. Lakini tulitazame vizuri. Kuacha kuiba, mtu anaweza kwa neema ya Mungu, hata akiwa peke yake. Kufanya kazi hawezi peke yake. Mikono anayo yeye, lakini kazi iko kwetu. Tukimpa amri ya Mungu, kisha tukamfungia mlango wa kuitii, Mungu atamwuliza nani?

Kwanza, si kila aliyeingia gerezani ni mkosaji. Wengi wanakaa ndani miezi na miezi wakingoja hukumu. Siku wanapofunguliwa, mtaa mzima unawaita watu wa gereza. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inasema mshitakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Na kabla ya katiba tulikuwa na Yusufu. Alifungwa kwa neno la uongo, na siku alipotolewa, Farao alimpa kazi (Mwanzo 41). Farao, mtu asiyemjua Mungu, alitangulia kufanya jambo linalotushinda sisi tuliookoka.

Pili, kuna yule aliyekosa kweli. Huyo ndiye Onesimo. Alimkimbia bwana wake, na huenda aliondoka na mali yake. Akaokoka kwa Paulo, aliyekuwa mfungwa. Paulo hakumwambia, "Nenda, tutakuombea." Alikamata kalamu, akamwandikia Filemoni barua. Hakuficha kosa: alikubali kwamba zamani Onesimo hakufaa, ila sasa anafaa. Kisha akaahidi kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama kuna deni, atalilipa yeye. Na Onesimo hakupita njia ya nyuma. Alirudi kwa mtu yuleyule aliyemkosea.

Wapendwa, hapa ndipo penye gharama. Sala yetu kwa yule kijana haikutugharimu hata faranga moja. Kumpa kazi kungeweza kutugharimu mfuko wa simenti. Tuliona mfuko una thamani kuliko neno tulilomhubiria.

Tatu, tufanye nini? Ni kweli, kazi za serikali na za mashirika mara nyingi zinaomba karatasi: kasie judisiere na ile ya mwenendo mwema. Hizo hazitoki kanisani, na tusimfundishe mtu yeyote kununua karatasi ya uongo. Lakini kazi nyingi za Bunia hazipiti kwa karatasi. Kufyatua matofali, useremala, kushona, garaji, kubeba mizigo sokoni, hata kupewa moto ya mtu ulete pesa kila jioni, hupatikana kwa neno moja: "Ninamjua." Aliyetoka gerezani ndilo neno analokosa. Barua ya Paulo yote ni neno hilo.

Kwa hiyo kila kanisa lichague wazee wawili wa kumsindikiza ndugu huyo kwa mwenye kazi. Waseme kosa lake wazi, waseme walichokiona kwake, na wakubali kusimama pamoja naye kama kitu kikipotea. Wewe mwenye kazi, si lazima umpe funguo za sanduku siku ya kwanza. Mpe kazi ndogo, mlipe kila wiki, mtazame miezi 3. Na wewe uliyetoka, chunga vizuri karatasi yako ya kufunguliwa. Usidanganye ukiulizwa. Usidharau jembe kwa kungoja biro. Kama unaweza kurudisha ulichoiba, rudisha hata kidogo kidogo, kama Zakayo.

Hatusemi aliyeumizwa ajifanye hakuumia. Hapa Ituri tunayajua majeraha. Lakini tunajua pia kwamba kijana akikataliwa kila mlango wa mji, msituni kuna mlango usiomwuliza karatasi yoyote. Huko wanampa kazi siku hiyohiyo, na kifaa cha kazi ni bunduki. Kisha tunafanya mkesha kuomba amani.

Baadaye tulimtafuta yule kijana. Jirani alisema amekwenda upande wa Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu. Zaidi ya hapo hakujua.

Ndugu, kama redio hii inafika mahali ulipo, tunakuomba msamaha. Ukuta umekwisha, lakini kanisa bado lina kazi. Rudi. Safari hii tutasema, "Tunamjua."

Tuombe. Baba, ulitupokea tukiwa na madeni, na Mwanao akayabeba. Utuondolee hofu ya kupoteza vitu vyetu. Uwakumbuke walio gerezani, na siku watakapotoka, watukute mlangoni. Katika jina la Yesu, amina.